Lifti ya Gari kwa Gereji ya Nyumbani: Mwongozo Kamili kwa Walioko Mtwara na Lindi

Fedha za korosho zikianza kuingia, swali huwa lile lile: "Nimeona lifti ya tani 4 Dar, bei yake nzuri, nichukue?" Jibu langu halibadiliki: usichukue bado. Wengi wanaokwama hawakuuziwa lifti mbovu. Lifti imefika ikakuta paa la mita 2.7, sakafu ya sentimita 5, na mota inayotaka umeme wa fezi tatu wakati nyumba ina fezi moja. Sasa imelala chini ya mwembe imefunikwa turubai, na upepo wa chumvi unaila.

Kwa hiyo tunaanzia nyumbani kwako. Kwanza gari, kisha paa, sakafu na umeme. Lifti yenyewe inakuja mwishoni, na ukifika hapo utakuta majibu ya hatua za mwanzo yameshaichagua nusu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Tepu ya kupimia ya mita 5 au zaidi
- Pima maji ndefu, au mpira wa maji kama wanaotumia waashi
- Drili ya kutoboa zege na biti ya milimita 12
- Waya mgumu wenye urefu wa sentimita 40, ncha yake imekunjwa kama ndoana
- Chaki
- Kadi za magari yote utakayopandisha
- Fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, angalau kwa saa moja ya ukaguzi
- Daftari. Vipimo vya kichwani hupotea ukifika kwa muuzaji.

## Hatua ya 1: Anza na gari zito kuliko yote

Soma kadi ya gari: kuna uzito wa gari tupu na uzito wake likiwa na mzigo. Toyota IST ina tani 1 na kidogo. Hiace inasogelea tani 2. Land Cruiser pikapu za mfululizo wa 70 zinapita tani 2 zikiwa tupu, na ukishaongeza bampa la chuma, keria na tenki la pili, uzito wa kwenye kadi si uzito tena.

Chukua gari zito kuliko yote, kisha tafuta lifti ambayo gari hilo halizidi robo tatu ya uwezo wake. Gari la tani 2.6 linataka lifti ya tani 3.5 kwenda juu.

Kuna sababu ya kuacha nafasi hiyo. Lifti ya nguzo mbili ina mikono minne, na kila mkono umetengenezwa kubeba robo tu ya uwezo ulioandikwa. Lifti ya tani 4 ina mikono ya tani 1 kila mmoja. Gari halina uzito sawa mbele na nyuma: injini na giaboksi vinavuta mbele, na pikapu yenye mzigo inavuta nyuma. Jumla inaweza kuwa ndani ya uwezo wakati mkono mmoja umeshazidiwa.

Onyo: usipandishe gari lenye magunia, ndoo za samaki au mapipa ya mafuta. Shusha mzigo kwanza, hata kama kazi ni ya dakika kumi.

Angalia na umbo la gari. Magari madogo ya chini yanataka mikono inayoweza kupita kwenye nafasi ya sentimita 10 hadi 11. Magari ya chasisi kama Hilux na Land Cruiser yanataka vipandishio vya chuma juu ya mikono, ili pedi zifike kwenye chasisi bila kugusa ngazi za pembeni. Bajaji iache nje ya hesabu hii. Lifti ya nguzo mbili haikutengenezwa kwa chombo cha magurudumu matatu.

## Hatua ya 2: Pima paa, na upime kwa haki

Ingiza gari ndani, liweke pale litakapokaa. Pima kutoka sakafuni hadi kitu cha chini kabisa kilicho juu yake. Usipime hadi kwenye bati. Kinachohesabika ni boriti, taa, bomba la feni, na reli ya mlango ikiwa unafunguka kwa kwenda juu.

Kisha fanya hesabu hii: urefu wa gari, ongeza kimo unachotaka kulinyanyua, ongeza sentimita 10 za usalama. IST ina urefu wa mita 1.53. Ukitaka kusimama wima chini yake unahitaji kunyanyua kama mita 1.8, kwa hiyo paa liwe mita 3.4 na zaidi. Hiace ya paa la kawaida ina mita 1.98, nayo inataka paa la karibu mita 3.9.

Mabanda mengi ya magari niliyoyaona Mtwara mjini na Lindi hayafiki huko, lakini usikate tamaa mapema. Lifti haikulazimishi kupandisha hadi mwisho. Loki zake, yaani vishikizo vya chuma vinavyozuia gari lisishuke, zinashika kila baada ya hatua fupi, hivyo kwenye paa la mita 3 unaweza kuinua IST hadi mita 1.3 na kitu, ukakaa kwenye kigoda chenye magurudumu na kufanya kazi nyingi tu: kumwaga oili, kubadilisha bushi, kufungua giaboksi. Kisicho na suluhu ni nguzo kuwa ndefu kuliko paa. Lifti fupi za nguzo mbili, ambazo waya na mipira ya haidroliki hupita kwenye bamba la chini, zina urefu wa karibu mita 2.8 hadi 2.9. Zile zenye daraja la juu, yaani boriti ya chuma inayounganisha nguzo kwa juu, huanzia mita 3.6 hivi.

Onyo: usikate boriti ya chini ya kenchi ili gari lipite. Boriti hiyo ndiyo inayozuia kuta zisisukumwe nje, na pepo za kusi hazitakusubiri uirudishe.

Kwa upana, nguzo mbili zinachukua karibu mita 3.4. Acha sentimita 60 kila upande za kupita mtu na spana yake, yaani mita 4.6 kwa jumla. Urefu wa banda uwe mita 6.5 hadi 7 ili uweze kuzunguka gari.

## Hatua ya 3: Sakafu, hapa ndipo penye kazi

Ningeweza kuandika mwongozo mzima juu ya hatua hii peke yake. Nguzo mbili hazishikwi na kitu kingine chochote isipokuwa bolti zilizozama kwenye zege. Mikono ikibeba gari, nguzo zinataka kuinama kuelekea ndani, na bolti za nje zinavutwa juu. Zege likiwa jembamba au laini, bolti inang'oka na kipande chake.

Lifti nyingi za tani 3.5 hadi 4.5 zinataka zege la unene wa sentimita 10 kwa uchache, na nyingine 15 au zaidi. Kitabu cha lifti husika ndicho chenye kauli ya mwisho. Nguvu ya zege inayotajwa mara nyingi ni ya kiwango cha C20 hadi C25.

Usimuulize aliyejenga nyumba unene ni kiasi gani. Pima mwenyewe:

Toboa tundu kwa biti ya milimita 12 pale nguzo itakapokaa, hadi biti idondokee kwenye mchanga. Puliza vumbi. Ingiza ule waya wenye ndoana, uuvute juu hadi ndoana ikwame chini ya zege, kisha weka alama ya chaki usawa wa sakafu. Utoe, pima. Rudia mahali pengine pawili, maana sakafu ya nyumbani inaweza kuwa sentimita 8 ukutani na 5 katikati.

Wakati unatoboa, sikiliza na uangalie vumbi. Zege zuri linapiga kelele ngumu, biti inakwenda polepole na vumbi ni laini la kijivu. Biti ikizama kama kwenye udongo na kutoa chembe za mchanga, hiyo ni lipu juu ya kifusi. Haifai, hata ikiwa nene.

### Kama sakafu haifai

Vunja na umwage jamvi jipya, yaani sakafu nene ya zege. Ninachopendelea ni jamvi moja linalobeba nguzo zote mbili kuliko vitalu viwili vilivyotengana, kwa sababu ardhi yetu ya mchanga hushuka bila usawa, na nguzo moja ikishuka peke yake mikono haitakuwa sawa tena. Jamvi la mita 4 kwa mita 2, unene wa sentimita 20, linatosha lifti nyingi za nyumbani.

Chimba, shindilia kifusi au moramu kwa tabaka za sentimita 10 huku unamwagia maji, usishindilie zote kwa mara moja. Weka wavu wa nondo za milimita 12 kila sentimita 20, lakini chora kwanza mahali bolti zitakapopita na uzikwepeshe nondo. Drili ikikutana na nondo utalazimika kuhamisha nguzo.

Changanya 1 : 1½ : 3, saruji, mchanga na kokoto. Tumia saruji ya daraja la 42.5. Jamvi hilo ni kama mita za ujazo 1.6, na litakula mifuko 13 ya kilo 50. Saruji si shida kwetu, kiwanda cha Dangote kiko hapa hapa Mtwara. Shida ni mchanga.

Onyo kubwa: usitumie mchanga wa ufukweni, na usitumie maji ya kisima chenye chumvi. Chumvi inaozesha nondo na bolti kutoka ndani, na huwezi kuiona mpaka zege lianze kupasuka. Ukikaa Shangani au Mikindani kishawishi ni kikubwa kwa sababu mchanga uko hatua chache tu. Lipia lori la mchanga wa mtoni au wa machimbo ya bara. Uonje kwa ulimi ukiwa na shaka.

Mwagilia jamvi kila siku kwa wiki ya kwanza, lifunike kwa magunia yaliyoloa, kisha liache litimize siku 28 kabla ya kutoboa. Usiruhusu fundi akwambie siku 7 zinatosha kwa sababu juu pamekauka. Panga kazi hii nje ya mvua za Desemba hadi Aprili, usije ukamwaga zege kwenye shimo lililojaa maji.

Kwa wenzetu wa Lindi wenye viwanja vya mteremko, hakikisha jamvi lenyewe liko sawa kwa pima maji. Mteremko wa kutoa maji ya mvua uweke nje yake.

Utajua umefanikiwa ukitoboa tundu la majaribio baada ya siku 28 likatoka safi, kingo hazibomoki, na pima maji inakaa katikati pande zote.

## Hatua ya 4: Umeme

Lifti ya nyumbani kwa kawaida ina mota ya kilowati 2.2. Kwa fezi moja ya volti 230 inakula karibu ampea 14 hadi 15 ikifanya kazi, na wakati wa kuanza inavuta mara kadhaa ya hapo kwa muda mfupi. Ipe laini yake kutoka kwenye mita: waya wa shaba wa milimita za mraba 4, breka ya ampea 25 au 32 inayovumilia mota kuanza, na erthi iliyopimwa. Usiichomeke kwenye soketi ya pasi.

Soma bamba la mota kabla ya kulipa. Tanzania tunatumia hezi 50. Lifti iliyotumika Marekani imetengenezewa hezi 60, na mota yake hapa itazunguka polepole na kupata moto. Ya Japani mara nyingi ni volti 200 za fezi tatu. Zote zinaweza kubadilishiwa mota, ila bei ya mota hiyo iweke kwenye hesabu mapema.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi: lifti ikiwa imekaa kwenye loki, haiwezi kushuka bila kwanza kupanda kidogo ili loki ziachie. Umeme ukikatika gari likiwa juu, linabaki juu. Kama gari ndilo linalokupeleka kazini, tafuta lifti yenye pampu ya mkono ya dharura, au uwe na jenereta. Ya kVA 3 haitaianzisha mota hiyo. Anzia kVA 6 au 7.

## Hatua ya 5: Sasa chagua aina

Nguzo mbili, fupi. Kwa mwenye paa la mita 3 hadi 3.6 na jamvi la uhakika, ndiyo ningeichagua. Magurudumu yananing'inia, chini pako wazi, kila kitu kinafikika. Ina kizuizi cha bamba la chini la sentimita chache, ambalo utalizoea.

Nguzo mbili zenye daraja la juu. Sakafu haina kizuizi, lakini paa liwe juu ya mita 3.8. Kwa banda jipya unalojenga, ninashauri upandishe kuta tangu mwanzo ili uweze kuweka hii.

Nguzo nne. Gari linapanda kwenye njia mbili na kusimama kwa magurudumu yake. Uzito umegawanyika, haitegemei sana bolti, na ni nzuri kwa kulaza gari moja juu ya jingine. Lakini kubadilisha breki au shokapu utahitaji jeki ya ziada inayokaa katikati ya njia, na hiyo huuzwa peke yake.

Mkasi wa kimo cha kati. Unainua karibu mita 1 hadi 1.2. Unafaa breki, matairi na bodi, na baadhi unaweza kuusukuma pembeni ukimaliza. Katikati ya gari panazibwa na mkasi wenyewe, kwa hiyo giaboksi na propela shafti ni kazi ya tabu.

Fremu mbili za kulaza chini. Zinainua nusu mita hivi. Kwa mpangaji hakuna bora zaidi: hazifungwi sakafuni, ukihama unahama nazo.

Swali la kuchimba shimo badala ya kununua lifti huulizwa sana, kwa kuwa shimo ni rahisi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unakaa chini shimoni pamoja nawe, na cheche moja inatosha. Karibu na bahari maji nayo yanaweza kupanda ndani. Sikushauri.

Kwa nguzo mbili kuna uamuzi mwingine mdogo: mikono iliyo sawa au isiyo sawa. Isiyo sawa ina mikono mifupi mbele, gari linakaa nyuma kidogo na milango inafunguka bila kugonga nguzo. Iliyo sawa inafaa zaidi Hiace na pikapu ndefu.

## Hatua ya 6: Kagua kabla ya kulipa

Usilipe bila kuona, au bila mtu unayemwamini kuona. Angalia haya:

- Bamba la uwezo lenye namba ya lifti, na kitabu chenye vipimo vya bolti na zege. Lifti isiyo na kitabu iache.
- Alama ya kiwango: EN 1493 kwa za Ulaya, ALI kwa za Marekani. Omba cheti na ulinganishe namba yake na ya kwenye bamba.
- Loki kwenye nguzo zote mbili, zinazoachia kwa mpini mmoja.
- Kizuizi cha meno kwenye kila mkono, kinachojifunga mkono ukianza kupanda. Bila hicho mkono unaweza kuteleza ukiwa na gari.
- Kwa iliyotumika: pitisha kidole kwenye fimbo ya silinda kutafuta mikwaruzo, angalia welding ya mikono na chini ya nguzo, na uone kama mikono imelegea ncha zake zikashuka.

Nunua pamoja na lifti seti ya sili za silinda na seti moja ya waya za chuma za kusawazisha, zile zinazofanya pande zote mbili zipande pamoja. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Lindi kwenda Dar ilikatika, na kila aliyekuwa akisubiri spea kutoka Dar alisubiri. Waya uliokatika bila spea ni gereji iliyofungwa.

Bei ulinganishe ikiwa imefika mlangoni kwako. Kreti la nguzo mbili lina uzito wa kilo 600 hivi, na kulishusha kwenye lori bila kreni ni kazi ya watu wengi na mbao ndefu.

## Hatua ya 7: Kuifunga

Kama fundi wako hajawahi kufunga lifti, mlete aliyewahi, hata kwa kumlipia nauli. Wewe simama na kitabu mkononi.

Nguzo zisimame wima kwa timazi. Penye tofauti ndogo weka vipande vya chuma chini ya bamba, kamwe si mbao. Toboa, puliza vumbi lote kwenye tundu, gonga bolti ndani, kaza kwa spana ya kupima nguvu kulingana na kitabu. Bolti inayozunguka bila kukaza inakwambia zege halifai. Usiifunike kwa gundi ya kubahatisha, rudi hatua ya 3.

Oili ya haidroliki iwe ISO 32 au 46. Kitabu kikiruhusu zote mbili, kwa joto letu weka 46. Oili ya injini iliyotumika inaua sili.

Rekebisha waya za kusawazisha mpaka loki za pande zote mbili zilie kwa pamoja. Inua mikono ikiwa mitupu na usikilize: "ta" moja, "ta" moja. Ukisikia "ta-ta," upande mmoja umechelewa.

## Hatua ya 8: Kupandisha gari mara ya kwanza

Tumia gari jepesi. Weka pedi kwenye sehemu za kunyanyulia zilizoonyeshwa kwenye kitabu cha gari, si kwenye bati la sakafu wala bomba la breki. Watoto na kuku wote nje.

Pandisha hadi magurudumu yaachane na sakafu, simama. Shika bampa, tikisa kwa nguvu mbele na nyuma. Likicheza kwenye pedi, teremsha na upange upya. Likiwa limetulia, endelea hadi kimo unachotaka, kisha teremsha mpaka gari likae kwenye loki. Hapo tu ndipo unaingia chini. Gari linaloshikiliwa na oili peke yake linashikiliwa na sili ya mpira.

Ukifungua injini, giaboksi au difu, uzito unahama. Weka stendi ndefu upande utakaobaki mzito kabla ya kulegeza bolti ya mwisho.

Liache gari juu ya loki usiku kucha. Asubuhi angalia: bolti hazijasogea, zege halina ufa mpya, hakuna tone la oili chini ya silinda. Hapo lifti yako imekubali.

## Matunzo ya pwani

Kaza bolti tena baada ya wiki ya kwanza, kisha kila baada ya miezi mitatu. Waya za chuma zipakae grisi kila mwezi, na kabla ya kupaka pitisha kitambaa kikavu kwa urefu wote: kikinasa, kuna uzi umekatika, badilisha waya mzima. Rangi ikibanduka kwenye bamba la chini sugua na upake siku hiyo hiyo, kwa sababu maji ya kuoshea gari hutuama hapo.

Swichi ya lifti ifungwe kwa kufuli na ufunguo ukae nawe. Na ukianza kuajiri kijana wa kukusaidia, banda lako limeshakuwa mahali pa kazi kwa mujibu wa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, hivyo wasiliana na OSHA kuhusu usajili na ukaguzi wa lifti kabla hajaingia chini ya gari.